Mbegu Zilizogoma

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Mbishi alikuwa ameshafika kwenye bomba la maji nyuma ya jiko. Alijaza keni ya kumwagilia mpaka ikafurika, akaibeba kwa mikono miwili huku maji yakimlowesha soksi, akazunguka nyuma ya madarasa hadi kwenye kitalu cha miche. Hapo aliinama juu ya viriba, vile vifuko vyeusi vilivyojazwa udongo, akavinyunyizia kimoja baada ya kingine, taratibu, ili maji yasichimbe mashimo. Kisha alirudisha keni stoo, akapangusa viatu kwenye nyasi na kukimbilia mstarini.

Mbishi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake wa darasa la sita ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa alikuwa msichana asiyekubali jambo mpaka alione kwa macho yake. Mwalimu akisema popo si ndege, wengine waliandika, yeye alinyoosha mkono na kuuliza, "Nani alimchunguza?" Watu wengi walimwona msumbufu. Mimi nasema hivi: zipo shingo ngumu za kulainishwa, na zipo shingo ngumu ambazo zikilainika kichwa kinaanguka. Ya kwake ni ipi, mtaamua wenyewe.

Kitalu kile kilikuwa na sababu yake. Nyuma ya shule kulikuwa na mlima ambao zamani ulikuwa msitu, lakini watu walikata miti kwa mbao na mkaa mpaka ukabaki kipara. Kila mvua kubwa iliponyesha, tope liliporomoka hadi uwanja wa mpira, na kijito cha jirani kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya mlima huo msitu ulikuwa bado umesimama, ule msitu wa mvua ambao haukauki mwaka mzima. Mwalimu wa Mazingira, mwanamume mchangamfu aliyependa kuvaa kofia pana, akapata wazo: wanafunzi waoteshe miti ya msitu ule, kisha wairudishe mlimani.

Muhula uliopita aliwapeleka huko wakaokota matunda ya mzambarau wa msituni, ndoo kwa ndoo. Bahati mbaya viriba vilikuwa havijafika. Mwalimu akauliza ni mzazi gani anaweza kuzitunza mbegu kwa muda, na darasa zima likamgeukia Mbishi. Nani asiyemjua shangazi yake?

Shangazi huyo alikuwa dada mkubwa wa baba yake Mbishi, na wote waliishi nyumba moja. Mtaani kwao, mtu akitaka mbegu za mahindi, maharagwe au maboga, alikwenda kwake, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Alipoletewa zile za mzambarau alizishughulikia kwa mapenzi yote. Aliziosha, akazianika juani juu ya mkeka hadi zikawa ngumu, akazichanganya na majivu ili wadudu wasizisogelee, akazifunga kwenye kitambaa na kuzitundika juu ya jiko zipate moshi. Siku alipozikabidhi shuleni, Mwalimu alizichota kiganjani na kuwaonyesha wanafunzi.

"Hizi ndizo mbegu!" alisema. "Kavu, safi, hazina hata tundu la mdudu. Mpigieni Shangazi makofi."

Walipiga makofi, na Mbishi akajiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera. Siku hiyohiyo akateuliwa kuwa kiranja wa kitalu.

Viriba vilipofika, mbegu zikapandwa. Ikapita wiki, na wiki nyingine, na nyingine tena. Viriba vilitoa magugu. Vilitoa uyoga mdogo mweupe. Lakini mzambarau, hata mmoja haukuchomoza. Mbishi alizidi kuwahi asubuhi, akazidi kupima maji, akafikia hata kuzibembeleza mbegu kwa maneno matamu mtu asipokuwepo karibu, lakini wapi!

Siku moja Mwalimu aliingia darasani na kiriba mkononi. Alikipasua juu ya meza, akachambua udongo kwa kidole na kutoa mbegu moja, nyeusi, iliyokunjamana, bila hata dalili ya mzizi.

"Mbegu zilikuwa nzuri, wote tuliziona," alisema. "Udongo ni mzuri, wazazi wenu waliubeba kwa mabega yao kuuleta hapa. Sasa kilichokosekana ni nini?"

"Maji!" darasa likaitikia.

"Na maji ni kazi ya nani?"

Macho yote yalijua pa kwenda. Mrefu, mvulana wa dawati la nyuma ambaye alikitamani cheo cha kiranja wa kitalu tangu siku ya kwanza, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi kuna siku nilimwona amekaa tu juu ya ukuta wa kitalu, anakula karanga."

Darasa likaangua kicheko.

"Nilikuwa nimeshamaliza kumwagilia!" Mbishi alisema.

"Hayo unasema wewe," Mwalimu akajibu. "Mbegu zinasema mengine."

"Nilimwagilia!" Safari hii alisimama na kupiga dawati kwa kiganja. "Kila siku! Hata siku niliyokuwa na homa nilimwagilia!"

Kicheko kikakatika. Mwalimu alivua kofia yake na kuiweka mezani, jambo alilolifanya tu akiwa amekasirika kweli. "Unanipazia sauti mimi? Sawa. Siku ya mkutano wa wazazi utasimama mbele ya wote waliobeba udongo ule, useme kwamba ulizembea, na uombe radhi. Usipofanya hivyo, kitalu kitapata kiranja mwingine, na nitawaeleza wazazi mimi mwenyewe kwa nini."

"Siombi," alisema Mbishi.

"Unasemaje?"

"Siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya, Mwalimu."

Akaketi.

Baba yake Mbishi alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake. Mama yake alifanya kazi mji mwingine na kurudi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo mashitaka yote ya nyumbani yalisikilizwa hapo, katikati ya vitambaa, chaki na sare za shule zilizosubiri vifungo. Baba alimsikiliza hadi mwisho pini zikiwa midomoni. Kisha akazitoa na kuzichomeka kwenye ukosi wa shati lake.

"Mwanangu, omba radhi yaishe."

"Yaishe kwa nani, Baba? Kwao yataisha. Kwangu ndiyo yataanza. Nitaitwa mvivu mpaka nimalize shule."

"Maneno hayatoboi mwili. Mimi wateja wananiambia nimewapunja kitambaa, nawaambia samahani, maisha yanaendelea."

"Na huwa umewapunja?"

"Sijawahi!"

"Sasa samahani ya nini?"

Kutoka jikoni sauti ya Shangazi ikasikika: "Umepatikana, fundi!" Akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mtoto huyu si mvivu. Mimi ndiye ninayemfungulia mlango alfajiri anapotoka. Kama kuna kibaya, ni udongo wao huo. Mbegu zangu zinajulikana."

Mbishi akafikiri kidogo. "Baba, Jumapili nipeleke msituni. Nataka kuona mizambarau inavyoota yenyewe. Nikirudi bila jibu, nitasimama mkutanoni niombe radhi."

"Msituni? Na matope yale? Nani kakwambia fundi cherehani anakwenda msituni?"

"Basi siombi."

Baba alimtazama dada yake, akamtazama binti yake, akashusha pumzi. "Nyumba hii ina mahakimu wengi kuliko mahakama," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Jumapili waliuvuka mlima ule kipara, jua likiwaunguza visogo. Waliposhuka upande wa pili na kuingia chini ya miti, joto likabaki nje, mithili ya mtu aliyefungiwa mlango. Mwanga wa humo ulikuwa wa kijani. Miti mikubwa ilipanda juu kupita macho, mizizi yake imetanuka pande zote kama kuta. Chini yake miti ya wastani iligombania mwanga, na chini kabisa ilijaa mimea ya kivuli yenye majani mapana ambayo mtu angeweza kujikingia mvua. Kamba za mimea zilining'inia kutoka tawi hadi tawi. Kila gogo lilivaa kuvumwani, vile vimea laini vya kijani, na kila jani lilidondosha tone, ingawa siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Juu kabisa kundi la mbega lilikuwa likiruka kutoka mti hadi mti, mikia yao mirefu myeupe ikipepea nyuma yao.

Baba, aliyekuja na viatu vyake vya kuendea harusini kwa sababu vingine vilikuwa kwa fundi viatu, aliruka ghafla.

"Kitu gani hicho?"

"Jongoo, Baba. Hana neno na mtu."

"Mwambie na mimi sina neno naye."

Mvumo mzito ukapita juu ya vichwa vyao, na Baba akainama haraka. Walikuwa hondohondo wawili, ndege wakubwa wenye midomo minene iliyopinda, na mbawa zao ndizo zilizokuwa zikivuma. Wakatua kwenye mzambarau uliobakiwa na matunda ya mwisho wa msimu. Walichuma tunda kwa ncha ya mdomo, wakalirusha na kulimeza zima.

"Hao ndio wapandaji wa msitu," alisema Mbishi. "Wanakula nyama ya tunda, halafu mbegu wanaiangusha mbali. Mwalimu alitufundisha. Popo nao hivyohivyo."

Akalifikia shina la mzambarau ule, na hapo akasimama. Ardhi yote chini ya mti ilikuwa imejaa miche. Mingine ilikuwa na majani mawili, mingine manne, mingine ndiyo kwanza imeinua shingo nyekundu kutoka kwenye majani yaliyooza. Ilitoka kwenye matunda ya msimu uleule waliookota wao. Hakuna aliyeyafukia, hakuna aliyeyanyunyizia kwa keni, na yalikuwa yameota kama vile hakuna jambo rahisi zaidi duniani.

Mbishi alipiga magoti. Aliingiza mkono ndani ya majani yaliyooza, akayafinya, na maji yakamtiririka vidoleni. Akatafuta mpaka akapata tunda lililobonyea, akalimenya. Mbegu ndani yake ilikuwa nono na laini, na mzizi mweupe ulikuwa umeshajitokeza kabla hata ya kugusa udongo. Kisha akatoa mfukoni mbegu moja kati ya zile kavu zilizosalia kwenye kitambaa cha Shangazi.

"Baba, una wembe?"

Fundi cherehani hakosi wembe. Baba alizikata mbegu zote mbili juu ya mzizi wa mti. Ile ya msituni ilikuwa ya kijani ndani, imejaa unyevu. Ile kavu ilikuwa ya kahawia, imesinyaa, ngumu kiasi kwamba wembe ulitaka kukatika.

"Mahindi yanakaukia shambani," Mbishi alisema polepole, akiwa bado amepiga magoti. "Yanakauka kwenye bua lake, yanakaa hivyo yakingoja mvua. Yamezoea kungoja. Maharagwe nayo hivyohivyo. Lakini humu hakuna kiangazi, Baba. Mbegu ya humu inaangukia kwenye unyevu na kuota palepale. Haikuzoea kungoja. Ukiikausha, inakufa."

Baba alizigeuzageuza zile nusu mbili kiganjani. "Kumbe muda wote ule ulikuwa ukimwagilia maiti," alisema.

Mbishi alitaka kupiga kelele za furaha. Alikuwa na haki! Hakuzembea hata siku moja, na ushahidi huu hapa umekatwa katikati. Kisha akakumbuka ni mkono wa nani ulioziweka mbegu zile juani, na furaha yote ikamwishia. Alipomtazama baba yake, akaona naye amekumbuka.

"Na nani atamwambia dada yangu?" Baba aliuliza. "Mimi simo."

Walifunga matunda mabivu kwenye majani yenye maji, wakarudi nyumbani.

Shangazi alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Mbishi aliketi mbele yake, akaweka nusu za mbegu mbili juu ya mkeka, akaeleza yote aliyoyaona. Shangazi aliokota nusu ya ile kavu, akaibonyeza kwa ukucha.

"Kwa hiyo umekuja kunifundisha mbegu," alisema. "Mimi niliyehifadhi mbegu tangu baba yako hajajua kufunga vifungo vyake."

"Hapana, Shangazi. Kwa mahindi hakuna anayekufikia. Lakini hizi ni za msituni."

"Mbegu ni mbegu."

"Hii si mbegu tena. Imekufa." Machozi yalikuwa yakimlengalenga Mbishi, lakini hakurudi nyuma. "Mkutanoni nitaonyesha hizi. Jina lako sitalitaja."

"Hutalitaja, lakini wanalijua. Si walinipigia makofi?"

"Sasa nifanyeje, Shangazi? Niseme nilizembea ili wewe ubaki na sifa yako?"

Shangazi alichukua ungo wake akaingia ndani, na tangu siku ile mazungumzo yao yakawa ya "leta chumvi" na "funga mlango". Mbishi alikuwa akimpenda shangazi yake kuliko mtu yeyote mtaani, na jambo hilo lilimuumiza kupita kuitwa mvivu. Hata hivyo hakubadili nia.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mrefu. Mama yake Mrefu alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba chenye kioo kimoja kikubwa na dirisha lililopata mwanga mzuri. Mbishi aliweka makopo mawili juu ya kizingiti cha dirisha hilo.

"Wewe ulisema sikumwagilia," alimwambia Mrefu. "Haya, mwagilia wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi wananiona mwongo. Kopo hili lina mbegu kavu za shule. Hili lina mbegu mbichi kutoka msituni. Udongo ni mmoja. Yape maji sawasawa, kwa kikombe hikihiki."

"Na zote zikikataa kuota?"

"Nitaomba radhi, na keni nitakukabidhi mimi mwenyewe."

Maneno hayo yalimfurahisha sana Mrefu. Akamwagilia kwa bidii, na kila mteja aliyekuja kusukwa akawa mlinzi wa makopo yale, maana mtu anayesukwa hana kazi nyingine ila kutazama dirishani.

Mkutano ulipokaribia, Mrefu alimfuata Mbishi wakati wa mapumziko. Hakuwa akicheka.

"Kopo moja limetoa," alisema.

"Lipi?"

"Unalijua." Alijikuna shingo. "Na siku ile ukutani, ukila karanga... keni ilikuwa pembeni yako, tupu, na viriba vilikuwa vimelowa. Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikitaka kile cheo."

Mbishi alimtazama sana. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine hayakuwa mazuri. "Basi siku ya mkutano yalete makopo wewe mwenyewe," akasema, akaondoka.

Siku ya mkutano wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu. Baba alikaa mstari wa katikati. Shangazi hakuwapo, alikuwa amesema ana kazi. Mwalimu wa Mazingira alitangaza kwamba kiranja wa kitalu ana neno, na Mbishi akaenda mbele.

"Nina neno," alisema, "lakini si lile nililopangiwa."

Minong'ono ikaanza. Mrefu alitoka nyuma na makopo yake, akayaweka mezani. Moja lilikuwa na miche ya kijani iliyosimama wima. Jingine lilikuwa na udongo mtupu. Mbishi alieleza habari za msitu na unyevu wake, za mahindi yanayojua kungoja na mizambarau isiyojua. Mrefu akathibitisha kwamba maji alimwagilia yeye, na kwa sauti ndogo akaongeza kuhusu ile keni tupu ukutani.

Mwalimu aliinama juu ya makopo. Lakini mzazi mmoja, mwashi mwenye mwili mkubwa na sauti ya kulingana nao, akasimama.

"Ngoja kwanza. Mbegu hizi si zilikaa kwa shangazi yako? Kwa hiyo unasimama hapa mbele ya watu unamsuta shangazi yako aliyekulea?"

"Simsuti. Nasema mbegu zilikaushwa."

"Ni yaleyale! Adabu ya wapi hii? Mtoto anajitakasa kwa kumpaka mkubwa wake matope! Omba radhi, binti. Kwa mwalimu wako na kwa shangazi yako."

"Aombe!" wakasema wengine. Hata waliokuwa wakitikisa kichwa kukubali habari ya makopo, sasa walikuwa wakitikisa kichwa kwa masikitiko. Baba alianza kuinuka, akavutwa shati na jirani yake.

Ingekuwa rahisi mno. Neno moja tu, na wote wangetabasamu na kwenda nyumbani. Alishika ukingo wa meza.

"Ninamheshimu shangazi yangu," alisema, "na ninamheshimu Mwalimu. Lakini heshima siyo kusema uongo. Nilimwagilia. Siombi radhi."

"Aombe radhi kwa lipi?" sauti ikauliza kutoka mlangoni.

Shangazi alikuwa amesimama pale, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Hakungoja kupewa nafasi. Alipita katikati ya madawati, akafika mbele na kumgeukia yule mwashi.

"Mbegu nilizikausha mimi. Nilizianika, nikazipaka majivu, nikazitundika kwenye moshi, kama ninavyozifanyia zako za mahindi kila mwaka. Huyu aliponiambia nimeziua, nilikasirika. Nikasema mtoto anajidai. Nikachukua zile mbichi alizoleta, nikazipanda nyuma ya jiko bila kumwambia mtu, na zangu kavu nikazipanda pembeni. Leo nimezifukua zote nione. Za kwake zina mizizi. Zangu zimenitazama tu. Sikuzijua mbegu za msitu, na sikuuliza. Huyu hakuzembea. Mnaotaka radhi, nipo hapa."

Hakuna aliyeidai. Mwashi alikaa polepole, na dawati likalia chini yake.

Mwalimu wa Mazingira aliivua kofia yake, na safari hii hakuwa na hasira. "Hapana, Shangazi, hukukosa peke yako," alisema. "Mimi ndiye mwalimu. Nilizipokea zikiwa kavu, nikashangilia. Zilipokataa kuota sikutafuta sababu. Nilitafuta mtu. Na nikampata aliyekuwa karibu, ambaye ndiye aliyefanya kazi kuliko sote." Akamgeukia Mbishi. "Nisamehe, kiranja."

Mbishi alijifuta macho kwa mkono wa sare. "Nimekusamehe, Mwalimu. Na mimi siku ile nilikupazia sauti na kupiga dawati. Kwa sauti naomba radhi." Akavuta pumzi. "Kwa maji siombi."

Chumba kizima kikacheka, Mwalimu wa kwanza, na Baba akapiga makofi mpaka pini zikamdondoka kwenye ukosi.

Jumamosi iliyofuata wazazi na wanafunzi walivuka mlima pamoja. Waliokota matunda ya mwisho chini ya mizambarau, hondohondo wakiwalalamikia kutoka juu, wakayafunga kwenye majani yaliyolowa na kuyapanda siku hiyohiyo. Zamu hii mbegu ziliota mpaka viriba vikapungua. Mbishi alibaki kiranja, na Mrefu akawa mbeba maji wake, kazi aliyoiomba mwenyewe.

Mvua kubwa zilipoanza, miche ilipandishwa mlimani. Shangazi alikuwapo, sketi imekunjwa, akionyesha watoto jinsi ya kuchana kiriba bila kukata mizizi. Mrefu alikuwa akimshikia miche, na kuna swali lililokuwa likimwasha tangu siku ya mkutano.

"Shangazi, hukuona aibu kusema vile mbele ya watu wote?"

"Niliona sana," Shangazi alisema. Aliufukia mche, akaukandamiza udongo kwa viganja, kisha akawatazama wote waliokuwa karibu. "Lakini sikilizeni. Kosa likiwa lako, libebe mwenyewe, hata likiwa zito, kwa sababu ukilitupa litamwangukia mtu. Na likiwa si lako, usilipokee. Hata akikukabidhi mwalimu wako. Hata nikikukabidhi mimi."

Mwalimu alikuwa akichimba shimo pale jirani na alisikia kila neno.

"Likumbukeni hilo," alisema, akaendelea kuchimba.